Kiondo Hakiachwi Kitupu

Siku tuliyomzika Nyakio, mwezi wa tatu mwaka huu, watu walikuwa wakiimba nami nilikuwa nikitazama mikono ya wanawake. Mmoja alibeba mkoba mweusi wa kung'aa, mwingine mfuko wa dukani wenye mwavuli ndani, mwingine simu mbili na leso. Kiondo hakikuwapo hata kimoja. Nilikuwa nikitafuta kimoja tu, ingawa nilijua vizuri kwamba kiko ng'ambo, ndani ya kabati la kioo, na kwamba mkono uliokianzishia safari hiyo ni huu wangu. Nyakio aliingia kaburini bila kunisikia nikilisema jambo hilo. Mimi nina miaka sabini na minane. Shule nilifika darasa la tatu, lakini Mungu aliniachia majina. Niulize nani alikaa ploti gani Kabiria mwaka gani, nitakwambia, pamoja na jina la mbwa wao. Watu hunisifu kwa hilo. Hawajui kwamba katika habari ya kiondo hiki kuna jina moja nililolificha miaka ishirini, nalo ndilo lililo kwenye kitambulisho changu.

Mama yake Nyakio aliitwa Wangeci. Chumba chake kilikuwa cha pili kutoka changu, cha mabati, na ndani mlikuwa na kitanda, jiko la makaa, na ukuta mzima alioutundikia mkonge uliotiwa rangi ukikauka. Ukiingia ulipokewa na harufu ya mkonge mbichi na chai iliyochemka kupita kiasi. Jioni tulikaa mlangoni kwake tukisuka, mimi na yeye, Rahab wa maziwa, na Tabitha mama ya mapacha, na hapo ndipo nilipojifunza jinsi kiondo kinavyohukumiwa. Hakuna aliyesema ni kizuri. Aliyemaliza alikitupa mapajani mwa mwenzake, na mwenzake alikipindua kwanza, akatazama kitako. Kitako ndicho huanza kusukwa, na pale uongo haujifichi. Kisha tulitia wimbi tukakitikisa. Punje zikidondoka hata tatu, Tabitha alisema, "Hiki peleka sokoni," na sote tukacheka, mwenyewe akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisichodondosha kilibaki nyumbani kikapewa mtu. Kwa hiyo vile vizuri kabisa havikuwa na bei. Sikuliona hilo kuwa jambo la ajabu wakati ule. Wangeci alikuwa wa mkono wa kushoto. Utotoni walimchapa auache, hakuuacha, na ndiyo sababu uzi wetu sisi wengine ulilala kulia, wake ukalala kushoto. Hakuweka jina. Nani angeweka jina kwenye kiondo? Uliona kitako ukajua, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake angali mbali.

Kifua kilipomzidi alikuwa akimalizia kiondo cha Nyakio. Kwetu mama humsukia binti yake kiondo cha kwenda nacho kwa mume, na kiondo hakitolewi wala hakirudishwi kitupu. Ukileta cha mtu bila kitu ndani ni kama umemwombea njaa. Aliniita, akanipa kikiwa tayari na mkanda wake wa ngozi, na ndani ametia konzi mbili za njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo hupikiwa mwanamke aliyejifungua. "Mama Kamau," akaniambia, "huyu wangu bado anacheza. Siku watakapokuja kumwomba, mpe. Na usimpe kitupu." Nikamjibu, "Utampa mwenyewe." Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayesema hajala sukari.

Baada ya mazishi yake kiondo kilikaa juu ya kabati langu mwaka mmoja na zaidi. Siwezi kusema nilidanganywa. Alikuja mtu mpole aitwaye Kariuki, mwenye kibanda Ngara, akisukuma mkokoteni wa vyombo vya plastiki ambavyo alivibadilisha kwa vitu vya zamani, vibuyu, vigoda, viondo. "Mama, toa hizo za akina cucu, za bibi zenu, nikupe kitu ya kung'aa," alisema, na sauti yake haikuwa ya mwizi. Siku zile kanisani kwetu mwanamke mwenye kiondo alionekana kama aliyetoka kuchimba viazi. Panya alikuwa amekwisha kukitembelea. Nikajiambia Nyakio mwenyewe sasa anabeba mkoba wa mtumba wenye zipu, kitu hiki atakicheka. Kariuki akanipa mabeseni mawili, la kijani na la bluu, na thamosi yenye maua. Nikamwaga zile njahi kwenye sufuria, nikampa kiondo kitupu. Njahi nilizipika jioni ileile. Zilikuwa tamu, na hilo ndilo hunirudia zaidi ya yote, kwamba nilikula nikaongeza.

Mwaka wa elfu mbili na nne nikapata kazi ya usafi Westlands, katika nyumba ya sanaa ya mama mmoja tuliyemwita Madam Lillian. Ilikuwa nyumba ya zamani ya vigae vyekundu, na upande wa pili wa ua lilikuwa likipanda ghorofa la vioo, kila wiki linatupunguzia jua kidogo. Vyumba vya kulala vilikuwa vimepakwa rangi nyeupe na kuwekwa taa za juu. Kwenye bafu la zamani mikuki ililala imefungwa magazeti. Stoo ilinuka moshi wa jikoni kwa watu, moshi uliotoka katika vitu vyenyewe, hata nilipoingia asubuhi ilikuwa kama kuingia katika nyumba ambayo wenyewe wametoka sasa hivi wakaacha uji mekoni. Madam alisoma nje akarudi, binti wa mwalimu, na sitaki mtu amdhanie mwizi. Saa saba tulikula pamoja jikoni, chapati na ndengu, yeye akikunja mikono ya blauzi. "Peris," alikuwa akiniambia, "zamani wageni walikuja wakabeba. Sasa sisi tunavikusanya kabla hawajafika."

"Na wakifika?" nikamuuliza siku moja.

"Wakifika watalipa vizuri," akasema, akacheka, kisha akaacha kucheka.

Wiki yangu ya kwanza nilisugua kibuyu cha maziwa kwa sabuni hadi kikang'aa, na alipokiona alikaa chini. Sikujua kwamba ule weusi ndio uliokuwa na thamani. Nyumbani tulisifiwa kwa kusafisha; pale jasho la shingo ya mwanamke kwenye mkanda wa ngozi lilikuwa kitu cha kuonyeshwa wageni kwa kidole, bila kukigusa. Nilijifunza kupangusa vumbi kwa brashi ya rangi, polepole, kama mtu anayemfuta mgonjwa jasho.

Mwezi wa tano Nyakio alikuja Kabiria Jumapili. Alikuwa akishona mapazia Ngara, na vidole vyake vilikuwa na alama za sindano. Nilikuwa nimepika mukimo, viazi vya kuponda na mahindi. "Mama Kamau, wamesema wanakuja mwezi wa nane," akasema.

"Nani hao?"

"Ai, usijifanye. Watu wa Mwangi. Wanaleta mahari."

Tukacheka. Nikamletea maji kwenye beseni la kijani, akanawa, akala. Halafu akashusha sauti. "Mama aliniambia aliniwekea kitu kwako."

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. "Kiliibiwa."

"Lini?"

"Ule mwaka waliingia kwa Rahab." Na kweli kwa Rahab waliingia, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na miguu ya kusimamia. Nyakio aliinamisha kichwa kidogo. Kisha akaweka mkono begani mwangu, yeye aliyeibiwa, akanibembeleza mimi. "Wacha tu. Usijilaumu. Mwizi haulizi mwenyewe."

Wiki tatu baadaye kiondo kile kililetwa kazini ndani ya gunia, pamoja na vigoda viwili. Kilikuwa kimepita mikono mingine baada ya Kariuki. Mimi ndiye niliyekitoa guniani. Nilikipindua kama nilivyofundishwa mlangoni kwa Wangeci, na uzi ulikuwa umelala kushoto. Sikupiga kelele. Nilikishika tu mpaka Madam akasema, "Peris, hicho ni kizuri, eh? Weka pale kwa stendi nyeupe." Jioni akakiandikia kadi, nami kesho yake nikaisoma herufi moja moja, kitambaa cha vumbi mkononi. Kiondo. Mkonge na ngozi. Kenya ya kati. Msukaji hajulikani. Niliposoma neno hilo la mwisho nilisikia mtu amesimama nyuma yangu, karibu sana, akingoja nimjibu. Niligeuka. Palikuwa na ukuta mweupe na kivuli cha lile ghorofa. Tangu siku hiyo sikukifanyia chumba kile usafi nikiwa nimeupa mlango mgongo.

Jumamosi alasiri watu walikuja kutazama, wakiwa na glasi za mvinyo, na mimi nikapitisha sambusa. Kati ya sambusa na sambusa unasikia mengi, maana anayebeba sinia haonekani. Wawili walisimama mbele ya kiondo, vijana wa ofisi, tai zimelegezwa.

"Hii si sanaa, bana. Shosho, yule nyanya yangu, alikuwa anabebea viazi na hii."

"Na yake iko wapi sasa?"

"Aah, ilichomwa na takataka tulipohamia Umoja."

"Basi hiyo ya takataka ndiyo hii. Leo hata kuigusa hauruhusiwi."

Wakacheka, na yule wa kwanza akaacha kucheka mapema, akakitazama kwa muda mrefu, akainama kama anayetafuta kitu ndani. Hakukuwa na kitu. Kiondo kilikaa pale juu kimefungua mdomo, kitako kimefichwa na stendi, na hakuna aliyetaka kukiona kitako. Walitazama mbavu na rangi. Nilijiambia: hii ni mahakama ambayo shahidi, yaani kitako, amefunikwa uso kwa ubao.

Sikuweza kukiona kitupu. Jumatatu nilikuja na konzi mbili za njahi kutoka soko la Kabiria, nikazitia ndani. Nilidhani hakuna atakayejua. Alhamisi Madam akaita kutoka chumbani, "Nani ameweka maharagwe humu?"

"Ni mimi, Madam."

"Kwa nini?"

"Hakiachwi kitupu."

Akanitazama upya, kama aliyekuta mlango mahali alipozoea ukuta. "Unakijua hiki kiondo, Peris?"

"Kimesukwa na Wangeci. Wa Kabiria. Alikuwa wa mkono wa kushoto." Nikakipindua nikamwonyesha. Nilitaka kuendelea kusema, na sentensi iliyofuata ilikuwa imekaa kabisa ulimini, kilitokaje. Ilikaa hapo hapo. Madam alikuwa amekwisha kukimbilia kalamu. Machozi yalikuwa machoni mwake, ya kweli. "Unajua maisha yangu yote naandika hajulikani, hajulikani?" Akachana kadi ya zamani, akaandika mpya: Wangeci wa Kabiria. Njahi akaziacha ndani, akawaeleza wageni maana yake. Nilifikiri nimemlipa Wangeci nusu ya deni. Sikujua mambo ya nyumba zile. Kabla ya jina kilikuwa kikapu kizuri, baada ya jina watu walianza kuja wakisema, "Ni hii ndiyo ya Wangeci?" Wakaulizia kama viko vingine. Bei ikapandishwa, na mgeni mmoja wa makumbusho ya ng'ambo akaomba kiwekwe kando kwa ajili yake. Sisi tulikipenda kwa sababu ya jina tukakiondoa sokoni. Wao walikipenda kwa sababu ya jina wakakitia sokoni.

Niliposikia habari ya mgeni huyo nilimtafuta Nyakio. "Kimeonekana," nikamwambia. "Kiko kazini kwangu." Alikuja siku ya pili saa ya chakula, amepanda kwa miguu kutoka Ngara, nyuzi za mapazia bado kwenye sweta. Aliingia katika chumba kile cheupe, akaenda moja kwa moja, akanyoosha mikono. Madam akasema kwa upole, "Tafadhali, tusiguse." Nyakio akarudisha mikono, akaishika nyuma kama mtoto wa shule.

"Ni cha mama yangu," akasema. "Alinisukia. Kiliibiwa."

Madam hakukasirika. Alivuta viti, tukakaa wote watatu. "Dada, kila mwezi mtu huja akisema kitu kiliibiwa. Mimi nilikinunua kwa haki. Lakini sitaki kitu cha machozi ndani ya nyumba yangu. Niletee mtu mmoja tu wa kuniambia kilitoka nyumba gani, na kilitokaje. Nikisikia hivyo nitakutolea leo, hata huyo mgeni akinuna."

Nyakio akanigeukia. Alinipa muda. Nakumbuka chumba kile kuliko ninavyokumbuka chumba changu cha arusi: taa ya juu ikilia kwa sauti nyembamba, mashine ya saruji kule kwenye ghorofa, njahi nyeusi ndani ya kiondo, na Madam ameshika kalamu. Ningesema, nilipewa nikitunze nikakibadilisha kwa mabeseni. Maneno machache tu, hata mtu wa darasa la tatu anayo. Lakini yeye alikuwa amenibembeleza kwa ajili ya mwizi, na sasa niseme mwizi ni mimi, mbele ya mwajiri wangu? "Mimi nilikuta hakipo," nikasema. "Siku hiyo nilikuwa kanisani."

"Basi naweza kukuazima siku ya mahari," Madam akamwambia Nyakio. "Siku moja. Nitakileta mwenyewe."

Nyakio akasimama. "Niazimwe kiondo cha mama yangu?" Hakupaza sauti. Alimshukuru Madam, akaniambia, "Tutaonana Jumapili, Mama Kamau," akashuka kwenda Ngara. Wiki iliyofuata yule mgeni alikinunua, nikakifunga mwenyewe kwenye karatasi laini, kitako chini. Njahi walisema haziwezi kupita mpakani, kwa hiyo kiliondoka kitupu kwa mara ya pili, na mara zote mbili njahi zilibaki kwangu. Hizo sikuzila. Nilizimwaga chini ya ua, na mvua ilipokuja zikaota, na ua wote wa nyumba ile ukafunikwa na majani ambayo hakuna aliyejua yametoka wapi.

Mwezi wa nane watu wa Mwangi walikuja. Nyakio alitoka na kikapu cha dukani, chenye utepe, ndani kitupu. Nilitazama wanawake wazee wakitazamana. Baada ya hapo hakuniuliza tena. Kila Krismasi aliniletea sukari na unga, miaka yote ishirini, lakini niliona kitu ambacho sikutaka kukielewa. Nikimletea maji kwenye beseni la kijani, alisema, "Wacha, nitanawa nje," akaenda mferejini. Kibanda chake cha mapazia kilikuwa safu moja na kibanda cha Kariuki. Ngara watu huzungumza wakingoja wateja. Sijui alijua lini. Najua tu kwamba hakuwahi tena kutia mkono katika beseni lile, na hakuwahi kuacha kuniletea sukari.

Wiki mbili baada ya mazishi, binti yake wa pili alikuja kwangu. Anaitwa Wangeci, kama ilivyo desturi yetu mama wa mama kurudi kwa binti wa pili. Anasoma chuo. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha simu. "Shosho, hebu cheki hii." Nilikiona ndani ya kioo, rangi zake zimefifia kidogo. Chini yake waliandika jina la bibi yake. "Siku hizi wanarudisha vitu," akasema. "Mtu akithibitisha. Kuna fomu. Lazima tueleze kilikuwa cha nani na kilitokaje huko nyumbani. Nikaandika kiliibiwa, mama akaniambia nifute. Alikuwa hospitali tayari. Akasema, uliza Mama Kamau, yeye anakumbuka majina yote."

Niliiacha chai yangu ikashika utando. Kisha nikamwambia aandike. Aliandika kwa mkono wa kushoto, karatasi ameilaza upande. Peris Gathoni, wa Kabiria. Nilipewa na mwenyewe nimtunzie binti yake. Nilikitoa kwa mabeseni mawili na thamosi. Hakikuwa changu kukitoa.

Hapo akasimamisha kalamu. "Shosho, ukisema ulikibadilisha mwenyewe, si watasema ni biashara? Wanaweza kukataa. Tukisema kiliibiwa ni rahisi."

"Tulisema hivyo mara ya kwanza," nikamwambia. "Mbele ya mama yako. Andika nilivyosema."

Akaandika. Hakunitukana, wala hakuniwekea mkono begani. Ningependa mojawapo. Alipomaliza aliuliza kama kuna kitu chochote cha kuonyesha, kwa sababu fomu ilitaka ushahidi. La bluu lilipasuka zamani, na thamosi niliigawa. Nikaingia jikoni nikatoa lile la kijani. Plastiki haiozi. Nikaliweka mezani karibu na mlango, penye mwanga, nikasogea pembeni. Wangeci aliinua simu, akaishusha. Kabla ya kupiga picha alilishika beseni kwa mikono miwili, akalipindua, akatazama kitako.